Bingwa Aliyekauka Majini

Nyumbani kwa fundi cherehani, mzani ulikaa sebuleni na kuheshimiwa kuliko mkwe. Kila asubuhi binti yake aliupanda, na nyumba nzima ikabana pumzi. Binti huyo, kwa jina la utani Unyoya, alikuwa bingwa wa mbio za makasia, kundi la uzani mwepesi. Ukizidi kidogo tu, hushindani.

Siku moja kabla ya kupimwa kwenye mashindano, alikuwa amezidi. Akavaa makoti mawili ya mvua, akaruka kamba kando ya pasi ya moto. Tangu jana yake hakuwa amegusa maji. Akitulia, anatemea mate koponi.

"Tema, mwanangu," baba alihimiza. "Hata mate yana uzito!"

"Yamekwisha, baba."

"Fikiria ndimu."

Jirani yao, muuguzi, akaingia kuchukua sketi yake. Akaliona kopo.

"We binti, mkojo wako una rangi gani?"

"Dada jamani! Mbele ya baba?"

"Mbele ya huyu huyu."

"Kama chai ya rangi," Unyoya alinong'ona. "Na miguu inakakamaa."

"Hujapungua mafuta. Umekauka tu. Mwili ukikosa maji, moyo unahangaika na figo zinaumia. Kunywa maji sasa hivi."

"Jirani," baba alicheka, "wewe una sindano zako, mimi nina zangu."

Unyoya alimtazama baba yake. Akaokota kamba.

Kesho yake mzani ulimpitisha. Baba alishangilia hadi sauti ikamkauka naye. Katikati ya mbio kasia lilimponyoka Unyoya, akazimia. Ziwa zima la maji chini yake, na ndani yake hamna hata tone.

Alilazwa wiki kadhaa. Figo zilipata nafuu, lakini hazikurudi kama zamani.

"Mifupa yako ni ya kundi la juu," muuguzi alimwambia kitandani. "Kula, kunywa, shindana na wanaolingana nawe. Mkojo ukiwa mweusi, usibishane nao."

Safari hii Unyoya alisikia. Akahamia kundi la uzani huria, lisilo na kikomo cha kilo. Miguu ikaacha kukakamaa, usingizi ukarudi. Katika mbio zake za kwanza huko alishika nafasi ya mwisho, akatoka mashuani kwa miguu yake mwenyewe.

Baba alikuwa ameshaondoka ziwani. Unyoya alimkuta nyumbani, mezani.

"Watu wananiuliza bingwa wangu yuko wapi," baba alisema bila kuinua macho.

Unyoya alivuta sahani.

"Waambie amekufa, baba. Mwanao yupo, anakula."