Mwenzake wa Kiti cha Pili

Haya yalimpata rafiki yetu mmoja, fundi cherehani, na mpaka leo akiyasimulia hushusha sauti.

Mumewe alikuwa haambiliki kwa michezo ya mashine. Kila akitoka kazini, miguu ilimpeleka moja kwa moja kwenye ukumbi wa gemu, chini ya jengo la maduka. Na kila akirudi, alinukia manukato ambayo mkewe hakuwa nayo. Wivu ukamkaba mama wa watu, hata chakula kikawa hakipiti.

Mchana mmoja akamfuata, akisingizia ufunguo wa nyumba. Ukumbini hakukuwa na dirisha hata moja, ni mashine tu zikilia na kumetameta. Akamkuta mumewe kwenye mashine ya wachezaji wawili, akicheka peke yake.

"Unacheza na nani?"

"Na mwenzangu," mume alijibu bila kugeuka. "Ameinuka sasa hivi tu."

"Basi leo tutajuana!" Akajitupa kwenye kile kiti cha pili. Kilikuwa bado na joto.

Mara umeme ukakatika. Mashine zote zikanyamaza, giza likawa totoro, watu wakaanza kukimbilia nje. Lakini mbele yake vitufe viliendelea kubofywa, ta-ta-ta, bila haraka. Kwa hofu akapapasa, akaukamata mkono wa mumewe.

"Mke wangu, uko wapi?" mumewe akaita kutoka mlangoni. "Njoo huku!"

Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa laini, wenye kucha ndefu. Ukamfinya vidole kwa upole, kisha ukavipanga, kimoja kimoja, juu ya vitufe.