Kufuli la Babu Delbert

Kila asubuhi, Marlys Tackett alipotoka kwenda kusubiri basi la shule, alipita kando ya handaki la dhoruba, chumba cha kujifichia chini ya ardhi ubavuni mwa nyumba ya babu yake, na kila asubuhi moyo ulimchemka. Mlango wa chuma wa handaki ulifungwa kwa kufuli kubwa. Kwenye barabara yao, nje kidogo ya mji wa Pruitt katika jimbo la Oklahoma, hakuna mtu aliyefunga handaki majira ya kuchipua, msimu wa vimbunga. Mwenye handaki alikuwa nalo kwa niaba ya barabara nzima. Wingu likichafuka, jirani anavuta mlango, anaingia, na salamu zinafuata baadaye.

Kufuli lile lilianza mwaka uliopita. Jioni moja ya dhoruba, Bi Twyla Hatcher, jirani wa ng'ambo ya barabara aliyeishi kwenye nyumba ya trela, nyepesi na isiyo na msingi, pamoja na mjukuu wake Lonnie, alikimbilia handakini na mbwa wao, Meja. Radi ilipopiga, Meja aliruka juu ya rafu na kuangusha chupa zote za achari ya bamia. Zilikuwa achari za mwisho alizosindika Bibi Nadine, mke wa Babu, kabla ya kufariki. Babu hakuwa akizila, alizitunza tu. Kwa uchungu alimtupia Bi Twyla maneno makali, na Bi Twyla naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alisema handaki lenyewe linanuka panya, na afadhali apeperushwe na upepo kuliko kurudi mle. Kesho yake Babu akanunua kufuli.

Marlys alimpenda bibi yake, na achari zile zilimuuma yeye pia. Lakini kila mtoto wa Pruitt alijua kwamba tornado, kile kimbunga kinachoning'inia kutoka mawinguni kama mkia, huokota trela kama kopo tupu. Watu wazima wawili walinuniana mwaka mzima kwa ajili ya bamia! Kila alipojaribu kulisema jambo hilo mezani, Babu alimwambia ale chakula chake kabla hakijapoa.

Siku moja ya mwezi wa Mei, shule ilifungwa mchana. Mwalimu mkuu aliwaambia wanafunzi kwamba vimbunga vingi vilitazamiwa jioni ile, na kila mmoja aende moja kwa moja nyumbani. Marlys alipofika, Babu Delbert alikuwa amekwisha kutandaza ramani ya kaunti juu ya meza ya jikoni na kuwasha redio. Hiyo ndiyo kazi aliyomfundisha mjukuu wake tangu akiwa mdogo. Wachunguzi wa kujitolea huegesha pikapu zao vilimani, na kuiarifu redio mahali wanapoona wingu likizunguka, na msikilizaji huweka punje ya haragwe pale palipotajwa.

"Bado ni tahadhari tu," alisema Babu. "Tahadhari maana yake nini?"

"Kimbunga kinaweza kutokea. Onyo maana yake kimekwisha kuonekana, na mtu anatakiwa awe ndani."

"Vizuri. Basi tulia, tuwinde mkia wa huyu jini."

Punje ya kwanza Marlys aliiweka karibu na mji wa Medlin, upande wa kusini magharibi. Ya pili aliiweka kwenye kinu cha nafaka cha Corbin. Ya tatu ilipokaa juu ya daraja la reli, alichukua rula na kuilaza kando ya punje zote. Rula ilipita katikati ya barabara yao.

"Babu, kinakuja huku."

Babu aliitazama rula, akachukua kikombe chake cha kahawa na kutoka kwenda kusimama barazani. Ndivyo wanaume wa Pruitt walivyofanya siku zote, kana kwamba kimbunga ni mgeni wa kupokewa mlangoni. Anga lilikuwa la kijani kibichi kilichofifia, na ndege walikuwa kimya. "Mto utakivunja," alisema. "Tangu nizaliwe, hakuna kimbunga kilichovuka mto wetu."

"Kule Medlin nako kuna mto, na kimeuvuka," alisema Marlys. "Babu, Bi Twyla yumo ndani ya trela. Gari lake liko kwa fundi tangu juzi. Hawezi kwenda kujificha shuleni."

"Najua. Lakini alisema mwenyewe afadhali apeperushwe."

"Alisema kwa hasira, na wewe ulimjibu kwa hasira. Lonnie je, alisema nini?"

Babu aliweka kikombe chini. Ndani, sauti ya redio ilibadilika: onyo la kimbunga kwa Pruitt na mashamba yote ya mashariki, watu waingie mafichoni mara moja. King'ora cha mjini kikaanza kulia. Babu alitoa ufunguo mfukoni. "Twende," alisema. "Haraka."

Marlys hakusogea. Machozi ya hasira yalimlenga, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Siingii. Siwezi kukaa mle ndani nikisikia trela yao ikipasuka. Ulinifundisha kufuata kimbunga ili niwaambie watu, au ili nijue tu nani atakufa? Bibi asingefunga mlango ule, Babu. Unajua kabisa asingefunga. Zile bamia angewapa wazile."

Hakuna aliyewahi kumwambia Babu Delbert maneno kama hayo, na Marlys mwenyewe aliogopa alipoyasikia. Mzee alisimama akimtazama, uso umemshuka. Kisha alimtia ufunguo mkononi. "Fungua, uingie, uwashe taa. Usitoke hata nikichelewa. Umenisikia?" Akashuka ngazi za baraza na kuvuka barabara mbio, na goti lake bovu.

Marlys alifungua mlango na kuingia. Kupitia uwazi wa mlango alimwona Babu akigonga trela kwa ngumi zote mbili. Bi Twyla alichungulia.

"Umekuja kunitukana tena, Delbert?"

"Nimekuja kuwachukua. Nipe mtoto."

"Na mbwa?"

Upepo ulikuwa umeanza kuvuta nyasi. "Na mbwa, mama wee! Leta na paka kama unaye! Twende!"

Walivuka barabara wameinama, Lonnie kifuani kwa Babu, Meja mbele yao wote. Babu alivuta mlango na kutia komeo. Masikio yao yalizibika. Kisha ukaja mngurumo kama wa treni ndefu ya mizigo ikipita juu ya vichwa vyao, na mlango wa chuma ukatetemeka. Lonnie alilia kwa sauti ambayo hawakuisikia. Bi Twyla alikuwa amemshika Babu mkono, na wala hakuna kati yao aliyejua nani alianza kushika.

Walipotoka, baraza la Babu halikuwepo, na mti wa mbele ulikuwa umelala juu ya pikapu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ngazi tatu za mbao zisizoelekea popote. Trela ilikuwa imekunjamana ndani ya bwawa la ng'ombe, mbali kabisa.

Babu alivua kofia. "Twyla, nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini siyo leo," alisema Bi Twyla. "Mwaka mzima, kila wingu lilipotanda, nimemlaza huyu mtoto kwenye beseni la kuogea na kumfunika godoro. Nikichungulia dirishani naliona kufuli lako. Midomo yangu nayo ina kosa, nakubali. Nilishindwa kuja kukuomba."

Babu alikubali kwa kichwa bila kujitetea. Halafu alimgeukia Marlys, na Marlys akadhani sasa ndipo atakaripiwa kwa ukali wa maneno yake.

"Shika hili, mjukuu wangu, ulishike ukiwa bado mdogo," alisema, akimtazama Lonnie aliyekuwa akimfuta Meja matope. "Mtu akiudhika, hasira ile ni mzigo wake mwenyewe, aubebe. Mimi wangu nilimtwika mtoto wa miaka minne."