Chiriku na Wimbo Wake

Asubuhi ya Jumatatu, Chiriku aligonga meza kwa kijiko mara moja. Binti yake akamsogezea sukari. Akagonga tena mara mbili. Binti akamsogezea chai. Mumewe, fundi makufuli, alikuwa ameinama akitafuta kiatu chini ya kiti. Alisema bila kuinua kichwa kwamba siku hizi nyumba hii inaongozwa na kijiko. Hakuna aliyecheka. Kila Jumatatu ilikuwa hivyo hivyo. Chiriku alikuwa ameimba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na sauti yake ilikuwa imebaki huko huko ukumbini.

Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliimba akifua, aliimba akifagia, na mama yake alisema huyu hata akilia, analia kwa mpangilio. Alipokua, akaufanya uimbaji kuwa kazi. Hakuwa na bendi wala bosi. Alikuwa na simu, na kipaza sauti alichokihifadhi ndani ya soksi safi ya mumewe.

Simu ikilia, Chiriku alisema ndiyo. Harusi, ndiyo. Mahafali, ndiyo. Duka la magodoro linafunguliwa na wanataka mtu wa kuimba juani kutwa nzima, ndiyo. Aliogopa kwamba akikataa mara moja tu, simu haitalia tena. Kwa hiyo alitafuna tangawizi, akajikaza, akaenda. Akirudi alikuwa hoi, hana hata nguvu ya kuvua viatu.

Huko kote aliimba nyimbo za watu, maana ndizo zilizoombwa. Za kwake alizitunga jikoni na zikabaki jikoni. Ni mmoja tu uliotoka nje. Uliitwa "Nifungulie." Mwanamke anarudi kutoka kazini, anabisha mlangoni, na ndani wamelala fofofo. "Nifungulie, sibishi kwa hasira, nabisha kwa kuchoka." Fundi makufuli aliusikia. Kesho yake alimchongea mkewe ufunguo wa pili.

Wimbo huo ulirekodiwa kwa Mtambo, mwenye studio ya mtaani. Mtambo hakumtoza kitu. "Niachie, dada," alisema. "Nitaupandisha mtandaoni mwenyewe." Chiriku akamwachia. Mwanzo kabisa wa wimbo, Mtambo aliweka sauti yake mwenyewe, nzito, akilivuta jina lake: "Mtambooo." Alifanya hivyo kwa kila aliyerekodi kwake. Chiriku hakuona ubaya. Aliuona kama muhuri wa heshima, kwamba naye amefika studio.

Mumewe aliwahi kumuuliza jina lake yeye limeandikwa wapi. Chiriku alimjibu kwamba chema chajiuza, watu watamjua kwa sauti. Fundi makufuli akarudi kwenye makufuli yake.

Jumamosi moja mchana, Chiriku aliitwa kwenye sherehe ya muuguzi mkuu aliyekuwa anastaafu. Ukumbi ulikuwa na joto, na feni ilizunguka kwa uvivu. Tangu asubuhi alikuwa ameshaimba kwenye harusi moja upande wa pili wa mji. Alisimama na kipaza sauti chake, akasikia koo limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

Mshereheshaji akatangaza kwamba mama yetu anayestaafu ana wimbo wake anaoupenda. Anausikiliza kila siku akipika. Ni ule wimbo wa Mtambo, "Nifungulie."

Chiriku akashtuka. Halafu akafurahi, furaha ambayo hakuwa nayo kwa miezi mingi. Mpiga kinanda akaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ulipanda juu, kama yeye mwenyewe alivyoutunga, na sauti ikakatika. Alivuta pumzi akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa hewa tu. Mpiga kinanda akamalizia peke yake, na watu wakapiga makofi ya huruma.

Muuguzi mkuu aliinuka akaja kumshika mkono. Alikuwa mama mpole, mwenye macho ya mtu aliyekesha na wagonjwa wengi.

"Umejitahidi, mwanangu," alimwambia. "Ila ukipata nafasi, msikilize mwenyewe anavyouimba. Utajifunza."

Chiriku alitaka kusema mwenyewe ni mimi. Lakini angesema kwa sauti gani, na nani angemwamini? Akasema asante, akarudisha kipaza sauti ndani ya soksi.

Nyumbani alikaa jikoni bila kuwasha jiko. Iliuma. Aliumia kwa aibu, na aliumia zaidi kwa sababu yule mama hakuwa na kosa lolote. Mumewe aliporudi, alimsimulia kwa kunong'ona. Akamwambia kwamba basi, amechoka, anaacha. Atakaa naye kwenye kibanda chake cha makufuli, auze funguo. Fundi makufuli alimpenda mkewe, na alijua kwamba hawezi kukaa kibandani siku mbili bila kuwaimbia wateja. Lakini hakubishana naye. Mtu aliyechoka habishiwi.

Kesho yake Chiriku alikwenda nyumba ya jirani kukiuza kipaza sauti. Jirani alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya msingi. Zamani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, na mpaka leo watu walimwita Bi Besi. Siku za mapumziko alisaidia chama cha wanamuziki. Bi Besi alikitoa kipaza sauti kwenye soksi, akakigeuza geuza.

"Kizima hiki. Mbona unakiuza?"

Chiriku akaeleza kwa kunong'ona. Bi Besi akainua mkono.

"Kwanza acha kunong'ona. Kunong'ona nako kunachosha koo. Andika kwenye simu yako, nitasoma."

Chiriku akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na Bi Besi akasoma polepole, miwani puani. Alipomaliza alishusha pumzi.

"Hapa kuna mambo mawili, mwanangu, na wewe umeyafunga fundo moja," alisema. "Koo lako limechoka. Na wimbo wako hauna jina lako. La kwanza ni la daktari. La pili ni langu. Kuacha muziki hakutibu hata moja."

"Nikipumzika, watanisahau," Chiriku aliandika.

"Wamsahau nani? Hawakujui. Wanamjua Mtambo."

Maneno hayo yalikuwa makali, na Bi Besi aliyaona yalivyomchoma. Akamchemshia chai, akaongea kwa upole. Alimwambia kwamba ngoma ikilia sana mwisho hupasuka. Yeye gitaa lake likikatika nyuzi, alikuwa ananunua nyingine dukani. Nyuzi za koo hazina duka. Mwimbaji anayesema ndiyo kwa kila simu anakula mbegu zake.

"Nami niliamini kwamba chema chajiuza," Chiriku akaandika.

"Kinajiuza kweli. Lakini mnunuzi lazima ajue duka ni la nani."

Hospitalini, daktari wa koo alimmulika, akasema nyuzi za sauti zimevimba kwa kutumika kupita kiasi. Dawa kubwa ilikuwa kunyamaza, na kunywa maji mara kwa mara. Asiimbe wala asinong'one mpaka amwone tena. Na tangawizi haiwezi kushika nafasi ya mapumziko. Chiriku akapiga simu zake za kuvunja miadi kwa mdomo wa binti yake. Wengine walielewa. Wengine walikata simu. Aliogopa, na hofu hiyo haikuondoka upesi.

Chiriku akiwa bado bubu, Bi Besi alimpeleka kwa Mtambo. Studio ilikuwa chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai. Mtambo aliwakaribisha vizuri. Alipoelezwa, akakunja uso.

"Lakini mimi sikuiba," alisema. "Nilirekodi bure. Nikaupandisha kwa jasho langu. Dada hakusema chochote."

Chiriku alifungua mdomo. Bi Besi akamkanyaga mguu.

"Ni kweli, hakusema," Bi Besi alikubali. "Na wewe hukuuliza. Kazi yako ya kurekodi ni kazi, ina haki yake. Lakini maneno na sauti vimetoka kwake. Mtu akiutafuta wimbo huu leo, anampata nani?"

Mtambo akautafuta kwenye simu yake. Jina lililoonekana lilikuwa lake peke yake. Aliliangalia kwa muda.

"Hata mimi sikuwahi kulifikiria," alisema.

Hawakugombana. Waliandika makubaliano. Jina la Chiriku litatangulia, na la Mtambo litafuata kama mrekodi. Kila mmoja atapata fungu lake la kinachoingia, na mafungu hayo yaliandikwa wazi. Wimbo utaandikishwa katika ofisi ya hakimiliki, na Chiriku atatajwa kuwa mtunzi. Mtambo aliuliza kama karatasi zote hizi zina haja, na wao ni marafiki.

"Urafiki ni urafiki, karatasi ni karatasi," Bi Besi alisema. "Ya pili huulinda wa kwanza."

Wote wawili wakatia sahihi. Mtambo aliomba abakishe ile "Mtambooo" yake mwanzoni. Chiriku akafikiri, akaonyesha kwa vidole: kidogo tu. Hapo ndipo walipocheka.

Sauti ilirudi taratibu. Ilikuwa nzito kidogo kuliko zamani, na haikupanda kama mwanzo. Chiriku alilia kwa hilo. Bi Besi akamfundisha kuushusha wimbo, aanze chini ili afike juu bila kujikaza. Akamfundisha pia kupasha sauti joto kabla ya kuimba, kama mtu anavyonyoosha mwili kabla ya kubeba mzigo.

Mengine alijifunza kwa kuanguka na kuinuka. Alikubali shughuli moja tu kwa siku, wala si kila siku. Jumapili alipumzika. Kabla ya kukubali kazi, aliuliza itaanza saa ngapi, itaisha saa ngapi, na vyombo ni vya nani. Waliochukia maswali hayo aliwaacha waende. Alasiri za katikati ya wiki alifundisha watoto kuimba, kazi isiyo na makofi lakini yenye uhakika. Katika kila shughuli aliimba angalau wimbo mmoja wa kwake, na kabla ya kuuimba alilitaja jina lake. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito. Kujitaja ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kuimba vya watu.

Aliwaambia waliopenda nyimbo zake wamwachie namba za simu. Mara moja kwa mwezi aliwaalika kwenye darasa la Bi Besi, Jumamosi alasiri, akawaimbia nyimbo za jikoni. Mara ya kwanza walikuja watu wachache mno, na mmoja wao alikuwa anajikinga mvua. Fundi makufuli alipanga viti vingi, kisha akavipunguza kimya kimya ili mkewe asivione. Chiriku aliviona. Aliimba hivyo hivyo. Yule wa mvua alirudi mwezi uliofuata, na akamleta dada yake.

Nisikudanganye, msomaji. Chiriku hakutajirika. Kuna miezi ilikuwa mirefu, na kuna siku alilitamani lile duka la magodoro. Uchovu nao haukuisha, maana kazi ni kazi. Lakini ulikuwa uchovu wa kulala ukaamka nao umeondoka. Jumatatu alisema "nipe sukari" kwa mdomo wake, na kijiko kikarudi kukoroga chai.

Ilikuwa Jumatatu mojawapo, wanakunywa chai, simu ikalia. Sauti ya mama mzee ikauliza kwa heshima kama hapo ni kwa Chiriku, mwenye wimbo wa "Nifungulie." Alisema alilipata jina lake kwenye wimbo, akaulizia mpaka akapewa namba.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Mwenzangu naye anastaafu, tunataka kumfanyia sherehe. Tumepanga Jumapili."

Chiriku aliitambua ile sauti. Zamani angesema ndiyo kabla mama hajamaliza. Alimtazama mumewe, na mumewe akajifanya anatazama kiatu.

"Jumapili napumzisha sauti, mama," alisema. "Siku nyingine naweza."

Chiriku alihesabu kwamba amempoteza.

"Basi taja wewe siku," yule mama alisema. "Sisi tutasogeza. Tunakutaka wewe mwenyewe. Kwenye sherehe yangu kuna dada mmoja alituimbia wimbo wako. Masikini, alijitahidi, lakini sauti ilikuwa imemwishia kabisa. Mpaka leo namfikiria. Sijui yuko wapi."

Machozi yalikuwa karibu, ila sauti ya Chiriku ilikuwa nzima.

"Alipumzika, mama," alisema. "Sasa hajambo."