Kitambaa cha Kukamulia Korosho

Unywele wa kwanza fundi cherehani aliutoa mdomoni mwa mwanawe, na lawama zote zikamwendea mumewe, maana mumewe ni kinyozi, na kinyozi hurudi nyumbani na nywele za watu shingoni, masikioni, mpaka ndani ya soksi.

"Baba Kadogo, ukitoka kazini jikung'ute nje. Mtoto anakunywa vichwa vya wateja wako."

"Mimi nanyoa wanaume, mama. Huo unafika kiunoni."

Fundi akautandaza kwenye utepe wake wa kupimia. Sentimita sabini.

Kadogo, binti wa miaka miwili, maziwa ya ng'ombe yalikuwa yakimtoka juu na chini mpaka akabaki mbavu na macho. Ndipo mama yake alipoanza kumtengenezea ya korosho: anaziroweka, anazisaga kwenye blenda mpaka jagi linatetemeka, kisha anakamua kwenye kitambaa cheupe. Ndani ya wiki tatu mtoto akawa na mashavu ya kupigia picha. Nani angeuliza maswali?

Lakini maziwa yalianza kutoka kwenye friji yakiwa na joto. Yaliota utando uliokunjamana kama ngozi ya kidonda, na chini yake vilielea vidonge vya manjano vya kunata, kama makohozi. Harufu ilikuwa ya kifua cha mzazi kilichovujia nguo ileile siku nne, katikati ya joto. Kisha asubuhi moja, fundi alipokuwa akikamua machicha, kitambaa kikamvimbia mkononi, kikawa kizito na laini na chenye jasho, kikapanda na kushuka kama kinachopumua, na katikati ya kiganja chake kikachomoza kitu kidogo kigumu ambacho kila aliyewahi kunyonyesha anakijua, nacho kikamtiririkia maziwa mpaka kwenye kiwiko kabla hajapata akili ya kukiachia.

Wakamwita mganga, bibi mmoja aliyefika na mafua makali, lakini vundo lile likampenya hivyohivyo.

"Kitambaa umekitoa wapi, mwanangu?"

"Ni kipande tu, bibi. Kilibaki kwenye kazi."

"Kazi gani?"

Fundi akatazama vidole vyake. "Sanda."

Kinyozi akatema mate kwenye sinki, akafungulia bomba, akatema tena. "Mke wangu," akanong'ona, "na mimi nilikuwa nayaweka kwenye chai."

Sanda ilikuwa ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni, aliyefia uzazini pamoja na kichanga chake. Kitambaa chenyewe kilikuwa kipya, pamba tupu. Fundi gani anatupa pamba?

"Alikufa maziwa yameshamjaa," mganga akasema kwa sauti ya chini, "na hakuna wa kuyanyonya. Wewe umempa mdomo."

Wakakizika kile kitambaa kaburini kwa mwenyewe, mganga akasoma aliyoyasoma, na saa ileile jiko likanukia sabuni. Kinyozi akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Fundi akanunua kitambaa kipya, akasaga korosho mpya. Kadogo akafumba mdomo. Uji akautema. Maji akayatema. Zahanati hawakuona ugonjwa. Siku ya pili mashavu yakashuka, siku ya tatu mbavu zikarudi, na siku ya nne, mchana, baba akiwa kazini, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Alilala tu amegeuzia uso jikoni, midomo ikinyonya hewa.

Fundi akafunga mlango. Akamimina maji matupu kwenye blenda, bila korosho hata moja, akaweka kidole kwenye kitufe.

"Dada," akasema polepole, "nimekosa. Njoo umnyonyeshe."

Akabonyeza. Maji yakazunguka, yakawa meupe, yakawa mazito, yakapanda mpaka kwenye mfuniko huku yakitoa joto na ile harufu, na kule kitandani mtoto akacheka.

Fundi akatapika kwanza kwenye sinki, akasukutua vizuri, kisha akatafuta kikombe.