Salamu za Saa Sita Kasorobo

Jumamosi ile soko la mitumba la magharibi mwa San Antonio lilifurika kama kawaida yake. Nereida Cantú alikuwa ameinamia kasha la santuri kuukuu, hereni zake kubwa za duara zikimgonga shingoni, blauzi yake ya njano ikiwa na maua ya kudarizi kifuani. Mwenye meza alikuwa Eliseo Longoria, fundi wa akodiani, jinzi yake imenyooshwa kwa wanga hadi mkunjo ukasimama. Alipomwona binti huyo alisahau kumrudishia mteja mwingine chenji yake.

"Unatafuta nini, mrembo?"

"Tejano ya zamani, muziki wetu wa akodiani hapa Texas. Kesho naanza kuitangaza redioni."

"Wewe? Unaijua hata?"

"Nimepokea simu za kipindi chake cha salamu miaka miwili. Najua nani anampenda nani mji mzima."

"Basi unajua ya muhimu." Eliseo akacheka. "Chukua kasha zima, dola ishirini na namba yako ya simu."

"Kasha nachukua. Namba utaisikia redioni, Jumapili saa nne mpaka saa sita."

Kilichompendeza Eliseo ni ulimi wake. Hakumwambia kwamba santuri zile zilikuwa za marehemu baba yake, Ramiro, mpiga akodiani wa harusi. Miaka sita tangu azikwe, mwanawe hakuwa na moyo wa kuzisikiliza.

Redio yenyewe ilikuwa ya jamii, vyumba viwili juu ya duka la mikate. Mtangazaji mkongwe, don Fermín, alikuwa amehamia Houston kwa binti yake, na Nereida akapewa miezi miwili ya majaribio. Akishindwa, kipindi kinafutwa. Mzee alimwachia sharti moja tu: usisome salamu bila jina la anayezituma. Sababu hakuitaja.

Jumapili ya kwanza, saa sita kasorobo, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, taratibu, kama ya mtu anayeongea kutoka chumba cha mbali.

"Kwenye kasha lako kuna santuri ndogo, jalada la kijani. Niwekee polka ya upande wa pili. Kwa Amparo, Mtaa wa Laredo. Sindano itaruka katikati. Usiogope, iguse kwa kidole."

Laini ikakatika. Nereida hakuwa amemtajia mtu habari za kasha. Lakini santuri ilikuwepo, dakika zilikuwa zinakwenda, na mgeni wa kazi hana muda wa kuwaza. "Kwa Amparo wa Mtaa wa Laredo," akasema hewani, "kutoka kwa anayejua mwenyewe." Katikati ya polka sindano ikaruka. Akaigusa kwa kidole, ikaendelea.

Mtu yule akawa anapiga kila Jumapili. Mara ya kwanza Nereida alisahau kumuuliza jina. Baadaye aliogopa kuuliza, na ukweli mwingine ni kwamba wasikilizaji waliipenda ile salamu isiyo na mwenyewe, naye alikuwa anakitaka kile kipindi kuliko alivyokiri.

Eliseo naye alikuwa akipiga jioni.

"Leo ulitamka jina langu?"

"Ulituma salamu?"

"Nilituma moyoni."

"Huko laini yetu haifiki, mpenzi. Piga moyo konde uje hewani."

"Nitakuja. Nipe muda."

Lakini kila Jumapili saa tano Eliseo alikuwa kanisani akipigia kwaya akodiani, kwa hiyo nusu ya pili ya kipindi hakuwahi kuisikia. Jumapili ya tano mama yake hakuonekana misani. Eliseo akaondoka kabla ya baraka, akaenda nyumbani kwa mama, Mtaa wa Laredo. Alimkuta doña Amparo amevaa gauni la buluu la dansi, midomo myekundu, mezani sahani mbili za nyama ya barbakoa bado zinafuka. Redio ilikuwa inamaliza polka.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. "Majirani waliniambia nasalimiwa redioni. Hiyo sahani nyingine usiiguse. Ni ya baba yako."

Jioni Eliseo alipompigia Nereida, hakumwita mrembo.

"Santuri ya baba umeitoa wapi?"

"Kwenye kasha lako. Kuna mtu huniomba niipige."

"Mtu gani?"

"Sijawahi kumuuliza."

"Mtangazaji wa salamu hujui zinatoka kwa nani? Unamchezea mama yangu upate wasikilizaji. Amemwandalia maiti chakula, Nereida."

"Amparo ni mama yako? Eliseo, nisikilize..."

Alikuwa ameshakata. Nereida alilia wiki nzima. Kila Jumapili iliyofuata, ifikapo saa sita kasorobo, aliiacha simu ilie mpaka mwisho wa kipindi.

Jumapili ya mwisho ya majaribio mlango wa studio ukafunguliwa. Doña Amparo aliingia na gauni lake la buluu, akihema kwa zile ngazi. Eliseo alimfuata, kofia mkononi.

"Mama, twende nyumbani."

"Niache. Binti, leo pokea."

Simu ikalia. Nereida akainua mkono wa simu, na safari hii akauliza kabla ya lolote: "Salamu zinatoka kwa nani?"



"Kwa Ramiro Longoria," sauti ikasema. "Leo si za Amparo. Amevaa gauni lake, yatosha. Leo ni zako, kutoka kwa mwanangu. Ana neno kooni tangu ile Jumamosi sokoni."

Eliseo akampokonya simu. Akasikia mlio mtupu wa laini.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amesema una neno."

Doña Amparo akacheka kidogo. "Hajabadilika. Hata mimi aliniposa kupitia redio."

Eliseo aliitazama maikrofoni, kisha akaisogelea.

"Salamu hizi ni za Nereida Cantú. Zinatoka kwa Eliseo Longoria, jina kamili, asije akauliza mtu. Nimemkosea, anisamehe. Na akikubali, nimwoe."

Nereida alifuta machozi kwa mkono wa blauzi. "Zimefika," akasema hewani. "Nimekubali."

Akaweka ile santuri ya jalada la kijani. Ilipokaribia katikati Eliseo akanyoosha kidole, maana mkwaruzo ule aliujua tangu utotoni. Sindano ikapita pale bila kuruka. Wote wawili wakageuka kumwangalia doña Amparo, aliyekuwa anacheza polepole katikati ya chumba, amefumba macho, mkono wake wa kushoto umetulia hewani, kwenye kimo cha bega la mtu mrefu.