Fumbo la Kila Asubuhi

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na watu walijazana ukumbini wakinung'unika. Mfamasia wa ghorofa ya juu alikaa kwenye ngazi, gauni lake la rangi ya haradali amelikusanya magotini, akitatua mafumbo ya sataranji kwenye simu. Kila fumbo lilimtaka atafute hatua ya ushindi, na hili lilikuwa limemtoa jasho.

"Mtoe malkia aliwe," sauti ikasema nyuma yake. "Ngome ikishamla, mfalme wao anakuwa amezibwa na watu wake mwenyewe. Farasi wako anammaliza."

Aligeuka. Alikuwa fundi wa lifti, ovaroli imepauka, grisi hadi kwenye viwiko, na tabasamu la mtu asiyejua kwamba ameharibu utamu.

"Nani kakuuliza, kaka?"

"Hakuna. Nipe namba yako nikutumie jingine, na safari hii nitafunga mdomo."

Akampa, huku akijishangaa. Kesho yake fumbo likaja, na tangu hapo kila asubuhi simu ililia kabla hajavaa koti lake jeupe la kazini. Hakuwa mtu wa kusogeza kete mpaka aone mwisho wake, na fundi alimtania kwamba hata lifti mbovu inamshinda mwendo. Wakaanza kula pamoja, wakazoeana, wakaitana mpenzi bila kukumbuka nani alianza.

Jumapili moja, mgahawani, fundi aliweka kijiko chini akamwambia anataka kumuoa.

"Ngoja nifikirie," mfamasia akajibu.

Kwake hilo lilikuwa neno la heshima; jambo kubwa halijibiwi ovyo. Fundi alilisikia kama mlango unaofungwa taratibu ili usipige kelele. Alimuaga kwa upole, na asubuhi iliyofuata hakutuma fumbo. Wala iliyofuata. Mfamasia aliitazama simu isiyolia tena, akaamini kwamba amechokwa. Angempigia, ila aliona aibu kumkimbilia mtu aliyemkimbia.

Dada yake mkubwa alimkuta amevimba macho. Alimchimba mpaka akayapata yote, kisha akamsuta: fundi wa watu hakukimbia, alidhani amekataliwa.

"Mdogo wangu, kwenye mafumbo yako unajua jibu lipo. Hapa hakuna aliyekuahidi. Unampenda?"

"Nampenda."

"Mbona hilo umelijibu bila kufikiria?"

Mchana huohuo akapiga simu. Fundi alikuwa kazini, kwenye chumba cha mitambo juu ya paa la jengo la mkabala. Mfamasia akamwambia asitoke. Akavuka barabara, akapanda ngazi zote kwa viatu vya kisigino, akafika hana pumzi.

"Nilidhani umenikataa kistaarabu," fundi akasema bila kumtazama.

"Nami nilidhani umenichoka. Nilikuwa natafuta hatua isiyo na hatari, mpenzi. Haipo. Naweza kuumia, na wewe pia. Nataka hivyohivyo. Nioe."

Fundi alijikalisha juu ya sanduku la spana. Kisha akafuta mkono kwenye ovaroli, akapiga namba, akamkabidhi simu. Mama yake fundi alikuwa upande wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naongea na nani?"

"Mkweo," akasema, wala hakufikiri.