Aliyesema Tayari

Mimi si mtu wa kuona jini kila kona. Mlango ukigonga nasema upepo, paka akilia nasema njaa. Kwa hiyo haya ya wifi yangu, mke wa kaka, usidhani nimeyaokota kijiweni. Mwanawe nilikuwa nimempakata mimi.

Wifi anafanya kazi za kompyuta. Majirani waliposikia anakagua kodi, walianza kumwamkia kwa heshima ya ajabu, na mwenye nyumba wake akawa anapita mlango wa nyuma. Kumbe kodi yenyewe ni yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta! Mwenzake akishaandika, yeye anasoma mstari kwa mstari, anatafuta kosa kabla halijamdhuru mtu. Ana jicho la kuona unywele kwenye unga. Hata chai yangu huikagua kwanza ndipo anywe, na mimi humwacha, ndiye wifi niliyepewa.

Kampuni yao ilikuwa inatunza kumbukumbu za hospitali moja yenye matawi matatu. Kila tawi lina seva yake, yaani mashine ya kuhifadhia hizo kumbukumbu, na zote ziko mbalimbali. Mgonjwa akihamishwa, lazima seva zote ziandike, au zote zisiandike. Isije huku wakasema katoka, kule wakasema hajafika. Basi kwanza zinaulizwa: Tayari? Seva ikishajibu Tayari, haina kurudi nyuma. Inalishikilia lile jina, hailiachii na haifanyi nalo lolote, mpaka iletewe neno la pili. Thibitisha, au Ghairi.

"Kama posa," nikamwambia siku aliponieleza. "Umeshamkubali huyu, mwingine huwezi kumpokea, na ndoa yenyewe bado."

Wifi alicheka mpaka akapaliwa. "Sasa fikiria posa imepokewa," akasema, "halafu mposaji asirudi tena."

Zamani seva ziliulizwa kwa foleni, hii ikimaliza inafuata ile. Mwenzake mmoja, mwanamume wa haraka ambaye kazini wanamwita Chapchap, akaandika kodi mpya ili zote ziulizwe kwa mkupuo. Kazi ikawa nyepesi kweli. Wifi akapewa aikague.

Siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa na kaka yuko safarini, kwa hiyo asubuhi Wifi akaniletea mwanawe. Tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Mama mtu akambusu, akaenda zake kazini akilalamikia foleni ya magari. Siku ya kawaida kabisa.

Sasa, ili kuijaribu kodi unahitaji jina la mgonjwa wa uongo. Watu wa kazi ile wana tabia moja: hawajisumbui kubuni majina, wanaandika ya nyumbani. Mume, mama mkwe, hata paka. Wifi akaandika la mwanawe, jina kamili na la baba yake. Ningekuwepo ningempiga kofi la mkono. Jina la mtoto linachezewa?

Akabonyeza. Swali likaenda kwa seva tatu.

Majibu yakarudi manne.

Tayari. Tayari. Tayari. Tayari. Na lile lisilo na mwenyewe ndilo lililotangulia kufika.

Wifi akadhani amelikamata kosa la Chapchap. Akafanya kile ambacho mkaguzi makini angefanya: akaisimamisha programu palepale, kabla ya neno la pili. Mzembe angeliacha likapita. Umakini wake ndio uliomponza.

Kwangu jua lilikuwa linawaka, mlango uko wazi, redio ya jirani inapiga kelele. Kasuku alikuwa sakafuni na kijiko chake, ananisimulia habari za mwalimu aliyekalia wino. Akakatisha katikati ya neno. Akaugeukia ukuta.

"Tayari," akasema.

"Tayari nini, baba?"

Nikadhani utani, nikamtekenya. Hakucheka. Nikamnyanyua, akaja vilevile alivyokaa, magoti yamekunjwa, kijiko kimebanwa mkononi. Macho hayafumbi. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Ee Mola wangu, mtoto wa watu! Nikampigia mama yake.

"Wifi, mtoto hasemi. Kasema tayari, basi."

Akanong'ona, "Muulize nani kamuuliza."

Nikamuinamia sikioni. Nikamuuliza. Midomo ndiyo iliyosogea, uso haukusogea.

"Babu aliyelowa."

Nikayarudia maneno hayo kwenye simu. Chapchap alikuwa kasimama nyuma ya kiti cha Wifi, akayasikia, akashika meza. Yeye ni wa zamani pale kuliko Wifi. Akamwambia kulikuwa na tawi jingine, bondeni. Mvua kubwa iliponyesha, maji yaliingia chumba cha chini alimokaa mzee mtunza mashine. Mzee akapiga simu makao makuu, akauliza: azime mashine, au aache? Akajibiwa akae tayari, wakubwa wanaulizwa. "Niko tayari," akasema. Laini ikakatika. Maji yalipokauka walimkuta bado kaishika swichi. Mashine ikatupwa, anwani yake ikafutwa kwenye orodha ya seva.

"Hakuna aliyempa neno la pili," Chapchap akasema.

"Bado anangoja," Wifi akanong'ona. "Na kamshika mwanangu."

Akaandika Ghairi. Akaituma kwa seva zote tatu. Kwangu kijiko kikaanguka. Kope zikashuka, zikapanda. Nikapiga kelele za furaha, halafu nikamgusa shingo. Baridi. Macho yake yalikuwa palepale ukutani.

"Bado, wifi. Bado!"

"Neno halijamfikia. Hayumo kwenye orodha."

"Si umtie!"

"Nikimtia nimemkaribisha."

"Wifi, mtoto anapoa mikononi mwangu!"

Nilisikia vidole vyake vikigonga. Aliirudisha ile anwani kwa mkono wake mwenyewe, mwanamke asiyeamini hata ndoto. Akatuma Ghairi kwa zote nne. Redio ya jirani ilikuwa imezimika, sijui tangu lini. Nikasikia kiti kikianguka kule ofisini. Nikasikia Chapchap anasema, "Mungu wangu."

Simu ikakatika.

Kasuku akashusha pumzi, akalimalizia lile neno alilolikatisha. Akaendelea na mwalimu wake na wino, akaniuliza mbona nalia. Nilimkumbatia mpaka akasema namuumiza. Wifi alifika anakimbia, viatu mkononi, akamvua mtoto shati, akamkagua mwili mzima kama anavyokagua kodi zake. Mzima. Tukakaa sakafuni watatu tunacheka kama vichaa.

"Kwa hiyo mzee kakubali?" nikamuuliza. Wifi akajifanya hajasikia, akaomba maji ya kunywa.

Kodi ile ilifutwa. Wakubwa wakasema ni hitilafu ya mtandao, maana wakubwa hawakosi la kusema. Chapchap akahama. Wifi naye akaacha kazi, akafungua duka la vitambaa, na ilimchukua muda mrefu mpaka akanieleza lile jibu. Seva tatu ziliandika: Imeghairiwa. Ya nne iliandika: Imeshathibitishwa.

"Maana yake nini?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. Wifi yangu ni mtu wa kujua. Nilimtazama mikono, ilikuwa inakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

Mtoto mwenyewe hana neno. Anakula, anapigana, mdomo ni uleule. Nilikuwa nimeshaanza kuamini hadithi imeisha. Juzi alilala kwangu, asubuhi nikaenda kumwamsha awahi shule. Nikamkuta kakaa kitandani, ananisubiri. Nikampapasa kichwa, mkono ukarudi umelowa. Nywele zilikuwa zinachuruzika maji, yanamtelemka shingoni, na ndani yake mna tope. Mto ulikuwa mkavu. Shuka kavu. Ndoo bafuni ilikuwa tupu, maji yalikatika tangu jana yake.

"Umeoga peke yako, baba?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kijinga.

"Hapana, shangazi. Kule kwa babu nimeshaoga, huku bado sijaoga."